Mjomba hakumtafuta punda kila mahali

Mwezi wa kumi Ugogo hukauka mpaka vumbi linapata ladha. Mwaka ule nilikuwa kwa mjomba, kijiji kimoja upande wa Bahi, nimekwenda kujisomea sapu, mtihani wa kurudia somo nililofeli. Chuo sikitaji. Somo lilikuwa akili mnemba, na kilichoniangusha ni sura moja tu: algoriti za kutafuta, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kutafuta njia au jibu. Nilikuwa na daftari lililojaa mishale, fomula moja niliyoikariri bila kuielewa, na wiki tatu za kujiokoa.

Siku ya nne punda akatoweka.

Asiyeyajua maisha ya kule ataona ni jambo dogo. Punda ndiye bomba la nyumba ile. Madumu manne asubuhi, manne jioni, na kila baada ya siku kadhaa gunia la mtama kwenda mashineni na unga kurudi. Alfajiri ile mjomba alikuta kamba imekatika, basi.

Nikatoa pendekezo kwa kujiamini kwa mtu anayesomea digrii. Tuko watano, tugawane pande zote, kila mmoja aende kilomita moja. Tukimkosa, twende mbili. Tukimkosa tena, tatu.

Mjomba alikuwa anafunga ndara zake za matairi. Hakuinua kichwa. "Mpwa wangu, mvua za Desemba zitatukuta bado tunazunguka."

Kisha akaanza kuuliza. Jana jioni alikunywa maji? Alikunywa. Nani kamwona mwisho? Mtoto wa jirani, usiku, akiwa bado amefungwa. Swali la tatu alijiuliza mwenyewe kwa sauti: huyu tulimnunua kwa nani? Kwa mtu wa upande wa Mundemu.

"Ng'ombe anapotea," akasema. "Punda hapotei. Punda anakwenda."

Kwa hiyo alikuwa na sehemu mbili kichwani: Mundemu alikolelewa, na mashine ya kusaga, ambako kila akipeleka gunia hupewa pumba. Tukaanza na njia ya Mundemu. Tulitembea kama saa nzima mpaka kwenye korongo la mchanga, mahali ambapo kila kinachopita kinaacha saini yake. Kulikuwa na kwato za mbuzi, za ng'ombe, na alama ya tairi la baiskeli. Punda, hakuna.

Mimi nilitaka tuendelee. Tumeshatoka jasho, kwa nini tugeuke? Mjomba akanihesabia kwa vidole. Saa moja tumeshaitumia. Kufika Mundemu ni saa tatu nyingine, na mchanga umeshasema hakupita. Turudi njia panda, kutoka pale mashine ni nusu saa. Akageuka, hakusubiri nikubali.

Punda alikuwa mashineni, mdomo mweupe kwa pumba, na mwenye mashine akatudai ada ya maegesho.

Usiku ule, kwa tochi ya simu, nilifungua daftari na kuiangalia tena ile fomula: f ni g jumlisha h. Mwalimu wetu aliiandika ubaoni, akaizungushia duara, akaendelea na mengine. Sasa niliiona imevaa ndara za matairi. g ni kilichokwisha kutumika tangu tuanze. h ni kisio la kilichobaki. Kila njia iliyo wazi mbele yako ina jumla yake, na unaifuata yenye jumla ndogo. Ukigundua kwamba jumla yake imepanda, huing'ang'anii kwa sababu ya jasho; unarudi kwenye nyingine uliyoiacha njia panda. Mjomba hakuwa anafanya hesabu ile kama ilivyo kitabuni, nisimpakazie. Lakini alikuwa na vitu vyote vitatu: kumbukumbu ya alichotumia, kisio la kilichobaki, na orodha ya njia ambazo hajazifuata.

Mtihani wa kwanza, ule ulionipa sapu, swali lilikuwa mchezo wa vigae nane. Ubao wa tatu kwa tatu, vigae vyenye namba 1 mpaka 8, nafasi moja tupu. Unasukuma kigae kimoja kimoja mpaka namba zikae kwa mpangilio. Nilianza kuchora mti wa hatua zote zinazowezekana. Nikaomba karatasi ya nyongeza. Nikaomba nyingine. Msimamizi aliponiletea ya tatu alinitazama kwa huruma, na alikuwa na haki: ubao ule mdogo una mipangilio 181,440 inayoweza kufikiwa kutoka mpangilio mmoja. Ukiongeza ubao uwe wa nne kwa nne, mipangilio inapita trilioni 10.

Swali halikutaka mti. Lilitaka kisio. Kisio rahisi ni kuhesabu vigae vilivyo mahali pasipo pake: kama ni vitano, hatua zilizobaki haziwezi kuwa chini ya tano. Kisio bora kidogo ni kuhesabu kila kigae kiko mbali kiasi gani na kwake, kwa hatua za wima na mlalo, kisha kujumlisha zote. Hapo unajifanya kama vigae vinaweza kupita juu ya vingine. Unasahau sheria moja ya mchezo kwa makusudi, na ukiondoa sheria, kazi haiwezi kuwa ngumu kuliko ilivyo. Ndiyo maana jumla unayopata haizidi ukweli. Makisio mengi mazuri huzaliwa hivyo: chukua tatizo, fumba macho kwenye kikwazo kimoja, hesabu.

Wataalamu huliita kisio la namna hii heuristiki, neno lenye mzizi wa Kigiriki wa kupata au kugundua, uleule wa "Eureka", yaani "nimepata", anayosimuliwa kuitamka Archimedes, mwanahisabati wa kale. Mimi nitaendelea kusema kisio.

Fomula yenyewe ina umri wa wazazi wetu. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, wa taasisi ya utafiti ya Stanford kule California, walichapisha algoriti inayoitwa A*, nasi tuliiita A-nyota. Walikuwa na roboti aliyeitwa Shakey, kabati lenye magurudumu na kamera, linalotikisika likitembea, nao walitaka apite vyumbani bila kugonga vitu na bila kuzunguka bure. Kabla yao kulikuwa na njia ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliyoifikiria mwaka 1956 akinywa kahawa Amsterdam na mchumba wake, kwa takriban dakika 20, bila kalamu wala karatasi, akaichapisha 1959. Njia ya Dijkstra haikosei. Shida yake ni kwamba haijui inakokwenda. Inatanuka pande zote kama chai iliyomwagika kwenye meza.

Tuichukue safari ya Dodoma kwenda Arusha, kwa kilomita za kukadiria na miji mikubwa tu. Dijkstra atafungua, yaani atachunguza njia zinazotoka pale, Kondoa iliyo kama kilomita 155, kisha Singida 240, Babati 250, Iringa na Morogoro 260 kila mmoja, halafu Chalinze 345, ndipo afike Arusha kwa 420. Amekwenda Iringa! Mtu anatafuta Arusha, kaelekea kusini mpaka Mtera na kuivuka, kwa sababu tu Iringa iko karibu na Dodoma kuliko Arusha ilivyo.

A-nyota anaongeza kitu kimoja: umbali wa mstari mnyoofu kutoka kila mji mpaka Arusha, kama ndege anavyoruka. Kondoa: 155 za barabara na 195 za hewani, jumla 350. Singida: 240 na 265, jumla 505. Morogoro: 655. Iringa: 760. Anafungua Kondoa. Kutoka Kondoa anapata Babati: 250 na 140, jumla 390. Anafungua Babati, anaiona Arusha kwa 420. Sasa angalia jambo ambalo wengi hulikosa kwenye mtihani: hasimami kwa kuwa ameiona Arusha. Anailinganisha na waliobaki kwenye orodha. Wa karibu zaidi ni Singida kwa 505, na 505 ni kisio la chini kabisa, kwa hiyo hakuna njia ya Singida itakayoshuka chini ya 420. Hapo ndipo anasimama, naye ana uhakika kamili, bila kugusa Singida, Iringa wala Morogoro.

Uhakika huo una sharti moja, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kisio lisizidi ukweli. Lipungue kadiri litakavyo, lisizidi.

Tuseme anayekisia si ndege bali dereva mstaafu. Kabla lami ya Kondoa haijakamilika, mabasi mengi ya Dodoma kwenda Arusha yalizungukia Singida, au hata Chalinze, ingawa kwenye ramani njia ya Kondoa ndiyo fupi. Barabara mpya ya Dodoma mpaka Babati ilizinduliwa 2018, lakini mzee wetu aliacha usukani kabla. Ukimuuliza, kutoka Kondoa mpaka Arusha bado kiasi gani, anakunja uso: hesabu kama kilomita 450, kijana, ile si barabara. Ingiza 450 zake kwenye hesabu. Kondoa sasa ina jumla ya 605. A-nyota anaiacha, anafungua Singida kwa 505, anafika Babati kwa kuzunguka akiwa ametumia 405, anaingia Arusha kwa 575. Analinganisha: 575 na 605. Anasimama. Anakwambia hii ndiyo njia fupi kuliko zote, kwa uso mkavu, na umeongezewa kilomita 155.

Kisio la ndege lilikuwa na makosa pia. Kondoa mpaka Arusha si 195, ni 265. Lakini lilikosea kwa upande wa matumaini, na matumaini hayakufungi mlango. Yanakupeleka ukaone mwenyewe. Hofu ndiyo inayokufanya usiende kabisa. Nimelifikiria hili mara nyingi nikiwa nimekaa na watu wanaojua kila kitu ambacho hakiwezekani Dodoma.

Hata ukihesabu kwa saa badala ya kilomita, sharti ni hilohilo. Kwa basi ugawe umbali wa mstari mnyoofu kwa 80, ambayo ndiyo spidi ya juu inayoruhusiwa, ili kisio lisizidi. Dereva akikimbia zaidi ya hapo anavunja sheria ya usalama barabarani na ya Hart, Nilsson na Raphael kwa pamoja.

Sapu nilipita. Miaka mitatu baadaye rafiki yangu mwenye duka la mitungi ya gesi hapa mjini akaniomba nimtengenezee programu ya kumpangia njia kijana wake wa bodaboda. Nikaweka barabara za Dodoma kwenye grafu, yaani nukta za njia panda zilizounganishwa kwa mistari ya barabara, nikaandika A-nyota, nikaipakia kwenye simu ya bei nafuu ambayo ilikuwa na ufa kwenye kioo. Ilifanya kazi vizuri Area C, vizuri Makole. Ikipewa safari ya kutoka upande mmoja wa uwanja wa ndege kwenda upande wa pili, ilikuwa inafikiri mpaka kijana anazima injini kusubiri.

Dodoma, kwa asiyeijua, ina uwanja wa ndege katikati ya mji. Kwa mstari mnyoofu mteja yuko pale, unaona hata bati lake ng'ambo ya uzio. Kwa barabara, zunguka. Kisio langu lilisema karibu, karibu, karibu. Kila uchochoro unaoishia kwenye uzio ulionekana wa maana, na programu ikauchunguza wote. Jibu la mwisho lilikuwa sahihi kila mara. Kisio halikuzidi ukweli, lilikuwa tu mbali nao mno, na kisio dhaifu linakurudisha taratibu kwa Dijkstra na chai yake.

Nikafanya ujanja. Nilizidisha kisio mara 3. Hili nalo si geni. Mtaalamu wa kompyuta Ira Pohl aliandika mwaka 1970 kuhusu kuongeza uzani wa kisio, yaani ile namba unayokizidishia. Programu ikawa inajibu kabla hujaondoa kidole kwenye kioo. Nikajipongeza kwa soda.

Siku ya pili jioni kijana akanipigia. "Injinia, hii simu yako inanipeleka kwenye waya."

"Waya gani?"

"Waya wa uwanja. Ninafika, naambiwa nifuate waya. Nafuata waya. Sasa hivi nina mtungi mgongoni, mama ana maharage jikoni, na mimi nafuata waya kama mlinzi."

Ukilipa kisio uzani mkubwa, programu inapenda mno kumkaribia mteja na inasahau gharama ya kule ilikopita. Inakimbilia uzio, kisha inaukwaruza mpaka ipate tundu. Kuna dhamana: ukizidisha kisio halali, lile lisilozidi ukweli, mara 3, njia utakayopewa haitazidi mara 3 ya ile fupi kuliko zote, ukizidisha mara 1.5, haitazidi mara moja na nusu. Kwenye karatasi inatuliza moyo. Kwa mtu mwenye mtungi mgongoni, mara tatu ni mara tatu.

Nikashusha uzani mpaka 1.2 na kwa muda tukaishi hivyo. Sioni aibu. Herbert Simon, mmoja wa waasisi wa akili mnemba na mshindi wa Nobel ya uchumi wa mwaka 1978, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba watu hawatafuti kilicho bora kuliko vyote. Wanatafuta kinachotosha, kisha wanaendelea na shughuli. Mama wa maharage ni mfuasi wake.

Dawa yenyewe aliileta yule kijana. Nilimuuliza yeye anakadiriaje muda akipigiwa simu na mteja wa ng'ambo ya uwanja. Akasema hafikirii kutoka alipo. Anafikiria kutoka Ihumwa. Alianza kazi akibeba abiria wa Ihumwa, anajua dakika kutoka kule mpaka kila kona ya mji. "Kama Ihumwa mpaka kwa mteja ni dakika 40, na Ihumwa mpaka hapa nilipo ni 25, basi mimi mpaka kwa mteja haiwezi kuwa chini ya 15. Ingekuwa chini, wale wa Ihumwa wangepitia kwangu."

Nilimwomba arudie, nikaandika. Mwaka 2005 watafiti wa kompyuta Andrew Goldberg na Chris Harrelson walichapisha mbinu hiyohiyo: chagua vituo vichache pembezoni mwa ramani, pima mapema umbali wa kweli kutoka kila kituo mpaka kila mahali, kisha wakati wa kutafuta, kwa kila kituo, chukua umbali wake mpaka unakokwenda, toa umbali wake mpaka ulipo, uchukue tofauti kubwa kuliko zote. Kwa kuwa umbali wa vituo ulipimwa barabarani, uzio tayari umo ndani yake. Na tofauti ile haiwezi kuzidi ukweli, kwa sababu ileile ya kijana: ingezidi, wale wa Ihumwa wangepitia kwangu. Tukaweka vituo vinne, kimojawapo Ihumwa, kwa heshima. Uzani nikaurudisha kuwa 1. Simu yenye ufa ikaanza kujibu kabla injini haijazimwa.

Siku hizi ukitaja akili mnemba watu wanafikiria kitu cha kupiga nacho soga. Hii ya kutafuta njia haina mashabiki. Nami nimeacha kuwaeleza wageni kwenye misiba, nilijaribu mara moja.

Mjomba alipiga simu mwezi uliopita. Tulisalimiana, akaniuliza habari za kazi, nikamwambia nzuri, akanyamaza kidogo.

"Punda kaondoka tena."

"Mashineni mmeangalia?"

"Mashine ilihamishwa. Umeme ulipofika, jamaa akaipeleka barabarani, karibu na nguzo. Tumekwenda huko, hayupo."

"Mundemu?"

"Korongoni hakuna nyayo."

Nikamwambia asubiri nifikirie. Akasema hana haja, wameshampata. Alikuwa kule mashine ilikokuwa zamani, amesimama mbele ya banda tupu, na kwa nyayo zilivyokuwa nyingi pale chini, alikuwa ameshasimama muda mrefu.